Kuzika nyaya za stima mtaani Nyali: matumbawe, chumvi na mtaro wa mita 180

KamatiYaMtaa
Assalam aleikum, hamjambo nyote. Kamati yetu hapa Nyali, Mombasa, yataka nyaya za stima zishushwe chini. Njia ni mita 180, nyumba 22, transfoma iko juu ya nguzo mwanzo wa barabara. Ukichimba futi moja tu wakutana na jiwe la matumbawe. Kabla hatujaandika barua Kenya Power (kampuni ya stima), twataka kujua: mtaro uende chini kiasi gani, kebo iwe ipi, na ni kitu gani huharibu kazi hii huku pwani? Nguzo nazo zitang'olewa zote?

FundiKebo
Waalaikum salaam. Kila kilicho kabla ya mita ya tokeni ni cha Kenya Power. Nyinyi mwaomba, wao hupima, huchora na kutoa kotesheni. Kibali cha kukata barabara ni karatasi nyingine, na chategemea barabara ni ya nani. Msimpe mkandarasi senti kabla hamjashika zote mbili.

Mtaro wa laini ndogo (volti 415) huenda sentimita 60 kando ya njia, 80 hadi 90 panapopita magari. Mkichukua upana wa sentimita 45 na kina cha 80, ni kama mita za ujazo 65 za kuchimba, karibu zote jiwe. Hapo ndipo pesa huliwa, si kwenye kebo. Mtaimbo na sururu havifui dafu, takeni breka ya kompresa (mashine ya kuvunja mawe kwa hewa).

Kuta za mtaro wa matumbawe zina meno kama msumeno. Kebo ikilazwa moja kwa moja juu ya jiwe, gamba lake la nje hutobolewa siku ile ile ya kuvuta na hakuna anayeona. Tandazeni mchanga sentimita 10, lazeni kebo, funikeni 10 nyingine, halafu vigae au slabu za kinga, kisha udongo uliochekechwa. Utepe wa tahadhari uwe sentimita 30 chini ya uso, ili jembe liugonge kabla ya kuifikia kebo. Mchanga ni kama mita 16 za ujazo, lori nne za tani saba. Uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe, hata ukiletwa bure ukataeni.

KamatiYaMtaa
Shukran. Na ukubwa wa kebo? Kuna fundi asema milimita 10 (za mraba, unene wa waya wa ndani) yatosha kuingia kila nyumba.

HesabuZaStima
Inategemea umbali, bwana. Chukua nyumba iliyo mita 70 kutoka kwenye kabati la kugawia stima, ikivuta amp 60 kwa fezi moja (mmoja wa nyaya tatu zenye stima). Kebo ya shaba ya milimita 10 hupoteza karibu volti 20, yaani asilimia 8 ya 240: eyasii (mashine za kupoza hewa) zitalia na friji litahangaika. Ya 16 hupoteza 12. Ya 25 hupoteza 8. Kwa mita 15 hiyo 10 haina neno.

Kebo kuu: kwa sababu ya eyasii, hesabuni kVA 5 (kipimo cha mzigo wa stima) kwa nyumba baada ya kukumbuka kwamba si wote huwasha kwa pamoja. Jumla 110, sawa na amp 153 kila fezi. Alumini ya milimita 120, nyuzi nne, yabeba hiyo vizuri, na wezi hawaitamani kama shaba. Kebo iliyo ndani ya bomba haipoi vizuri, kwa hivyo hubeba pungufu ya iliyozikwa mchangani. Wekeni bomba la milimita 110 chini ya barabara na mageti, na moja la akiba kando yake. Kwingine zikeni tu.

Nyumba zigawanywe 7, 7 na 8 kwa fezi. Mkandarasi mvivu huweka 12 kwenye fezi moja kwa kuwa ndiyo iliyo karibu.

ChumviNaKutu
Nyote mmesahau bahari. Nyali, na mtaa wa Tudor vilevile, maji ya chini hupanda na kushuka na bahari. Chimbeni shimo la majaribio pale pa chini kabisa, mlitazame siku za bamvua, saa moja au mbili baada ya maji kujaa. Yakionekana, jointi (kiungo cha kebo) yoyote isiwe chini ya alama hiyo. Bora zaidi msiwe na jointi kabisa: mita 180 hutoka kwenye rola moja.

Chumvi hupenya penye kidonda, ikala nyaya za chuma za kinga zilizo chini ya gamba la kebo. Zikiisha, na kama ndizo mlizotegemea kwa ardhi (njia ya kupeleka stima iliyovuja ardhini), nyumba inabaki bila ardhi na taa zawaka kama kawaida. Kwa hivyo pigeni mega (kifaa cha kupima kama stima yavuja kwenye kebo), volti 500, kabla ya kufukia na baada ya kufukia. Kebo mpya husoma mamia ya megaomu (kipimo cha ukinzani). Ikisoma 2 au 3, mna kidonda. Mwisho uliokatwa uvishwe kofia ya plastiki inayosinyaa kwa moto papo hapo, usilale usiku wazi.

Mahali pengine pa kutazama ni nguzoni, kebo inapoungana na transfoma. Alumini ikifungwa na shaba bila lagi ya metali mbili (kifungio chenye upande wa alumini na upande wa shaba), hewa yetu huila haraka. Nyutro (waya wa kurudishia stima) ikiachia hapo, baadhi ya nyumba hupata volti zinazokaribia 415. Na kabati liwe la plastiki ngumu, la bati litaoza.

MfungaIntaneti
Kuhusu nguzo: nyaya za intaneti nazo zimening'inia humo humo, na taa za barabarani pia. Msipowaita wenye intaneti mtaro ukiwa wazi, stima itashuka na nguzo zitabaki. Wapeni bomba lao, sentimita 30 mbali na la stima, lenye kamba ya kuvutia ndani.

Laini ya juu isikatwe mpaka nyumba ya mwisho ihame. Wenye pampu za fezi tatu wajaribu siku hiyo hiyo: fezi mbili zikibadilishana, pampu huzunguka kinyumenyume, yanguruma na tangi halijai.