Kihispania: "lo", "le" na "se" vinakaa wapi kwenye kitenzi?

Mwambao_Ujiji
Habari zenu wakuu. Tuko vijana wachache hapa Kigoma tunajifunza Kihispania kwa ajili ya wageni wanaokwenda Gombe na Mahale. Hablo, hablas, habla tunazijua kwenye daftari, ila kwenye mazungumzo zinachanganyika. Hivi vijineno vya lo, la, le ndiyo balaa kabisa. Kwa nini "lo veo" (nakiona) halafu "quiero verlo" (nataka kukiona)? Na "se" ya "se lo doy" (nampa hicho) imetoka wapi? Naombeni maelezo ya hatua kwa hatua.

Mgebuka
Sikiliza mwisho wa kitenzi, nafsi iko huko. Sisi tunaitanguliza (ni-, u-, a-), wao wanaimalizia. Hablar (kuzungumza), toa -ar: hablo, hablas, habla, hablamos, hablan. Comer (kula): como, comes, come, comemos, comen. Vivir (kuishi) inaifuata comer, isipokuwa "sisi" ni vivimos. Habláis, coméis na vivís ni za Uhispania; Amerika ya Kilatini wanasema ustedes na hablan, kwa hiyo mnaweza kuziacha kwanza. Usted, ile "wewe" ya heshima, inachukua habla, si hablas. Kwa mgeni mtu mzima tumia hiyo.

Tunapoharibu ni herufi ya mwisho. Ukiimeza -s ya comes umesema "anakula" badala ya "unakula". Ukiongeza irabu ikawa "comesi", hueleweki. Tamkeni come, comes, comen mfululizo, mwenzako aseme ni nafsi gani bila kuangalia daftari.

Halafu mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu unasoma habló kama hablo. La kwanza ni "alizungumza", la pili "nazungumza". Ile alama juu ya o inabeba maana nzima.

Vitenzi vikorofi anzeni na hivi, umbo la "mimi": tengo, hago, voy, doy, digo, quiero, puedo. Vinatumika kila saa.

Kazuramimba
Nichukue upande wa yambwa, yaani kitu au mtu anayetendewa. Mswahili hapa ana mtaji: tayari tunasema "nakisoma", "naisoma", kiambishi kikifuata ngeli ya kitu. Kihispania kina jinsia mbili tu: el libro (kitabu), basi *lo leo*, la carta (barua), *la leo*. Wingi ni los na las. Kwa hiyo jifunze kila nomino pamoja na el au la yake, la sivyo utakwama hapa daima.

Mahali pa kukaa: kitenzi chenye nafsi, kijineno kinatangulia na kuandikwa peke yake: *lo veo*, *no lo veo*. Kitenzi kikiwa katika umbo la "ku-", au kikiishia -ndo, au kikiwa amri ya kukubali, kijineno kinagandishwa nyuma: *verlo* (kukiona), *viéndolo* (ukikiona), *dímelo* (niambie hilo). Amri ya kukataza inakirudisha mbele: *no me lo digas* (usiniambie hilo). "Quiero verlo" na "lo quiero ver" zote sahihi. "Quiero lo ver" ni kosa.

Sasa se. Chukua "nampa mwongoza watalii tiketi": *Le doy el billete al guía*. Le ni yule anayepewa, na inabaki hata mwongozaji akitajwa, sawasawa na "m" ya "nampa". Badili el billete iwe lo. Ungepata "le lo doy", lakini Kihispania hakikubali le au les mbele ya lo, la, los, las. Le inageuka se: *Se lo doy*. Anayepewa kwanza, kitu baadaye, kila mara. Kiswahili hakibebi viambishi viwili vya yambwa kwenye kitenzi kimoja, ndiyo maana tunasahau kimoja. Wanaojua Kirundi hawatashangaa, kule vinaruhusiwa.

Ukigandisha viwili andika alama ya mkazo: *dárselo* (kumpa hicho). Mkazo unabaki kwenye "da" palepale ulipokuwa.

Tahadhari moja: "namwona Juma" ina "m", lakini Kihispania cha kawaida ni *Veo a Juma*, bila lo. Ile "a" huwekwa kwa sababu Juma ni mtu. Usipomtaja kwa jina, *lo veo*. Uhispania utasikia pia *le veo* kwa mwanamume. Msiiite kosa, ila nyie shikeni lo.

Mwambao_Ujiji
Shukrani sana. Nijaribu: *Le doy el agua a Juma*, inakuwa *Se lo doy*?

Kazuramimba
Hapana ndugu, *Se la doy*. Agua ni ya kike. Inachukua el katika umoja kwa sababu inaanza na "a" yenye mkazo, lakini kijineno kinafuata jinsia. Wingi wake ni *las aguas*.

Mgebuka
Ongezeni gustar kwenye orodha. Kinachopendeza ndicho kinachotawala kitenzi: *me gusta el lago*, *me gustan los chimpancés*. Fikiri "ziwa linanipendeza", usifikiri "napenda ziwa", hutaandika "yo gusto".