Pasi ya makumbusho iko maktaba

JUMAPILI JIONI

Mama Asha: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Likizo ya shule ya Februari imeanza huku Boston, watoto watatu wamo ndani na nje theluji tupu. Asha ameng'ang'ania makumbusho. Nimepiga hesabu ya kiingilio, nikaifunga simu.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Lakini wiki nzima wasiimalize kwenye skrini.

Salma: Shikamoo Shangazi, shikamoo Mama Asha. Usilipe kwanza! Kadi ya maktaba unayo?

Mama Asha: Marahaba. Ninayo, ile ya kuazimia watoto vitabu.

Salma: Hiyo hiyo. Maktaba yenu inaazima pasi za makumbusho kama inavyoazima vitabu.

Mama Asha: Bure??

Salma: Kuazima ni bure. Mlangoni inategemea pasi. Kuna inayoingiza watu kadhaa bila kulipa kitu, na kuna inayopunguza tu kiingilio cha kila mtu. Soma maelezo ya kila moja, usidhani zote ni sawa. Na mara nyingi maonyesho maalumu na maegesho ya gari havimo.

Mjomba Idi: Huku New York inaitwa Culture Pass. Ilianza 2018, na maktaba zote tatu za jiji zimo: Brooklyn, Queens na New York Public Library. Kijana akifika miaka 13 anajiwekea nafasi mwenyewe kwa kadi yake. Ila makumbusho moja unapata mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo siku uichague vizuri.

Mama Asha: Sasa nani analipa? Sitaki nifike pale dirishani nionekane nimekuja kuomba msaada.

Salma: Hilo liondoe kabisa moyoni. Maktaba yenyewe hulipia uanachama kule makumbusho, na pasi inatokana na uanachama huo. Pesa mara nyingi zinatoka kwa Marafiki wa Maktaba, wale wanaouza vitabu vilivyotumika. Hakuna anayekuuliza mshahara wako. Profesa anaazima, dereva wa basi anaazima, na wewe utaazima. Hata kodi yako imo mle.

Shangazi Zuhura: Msikilize huyo mtoto.

Mjomba Idi: Na kama kuna mwenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, kwenye kikundi hiki, hata ndugu wa mbali, aulizie mpango wa Museums for All. Unaonyesha kadi mlangoni, watu hadi wanne wanaingia kwa dola 3 au chini ya hapo kila mmoja, au bure kabisa. Si kila makumbusho yamo, ila yaliyomo nchini ni zaidi ya 1,000. Hiyo haipitii maktaba, na haina foleni ya kungoja siku.

Mama Asha: Haya Salma, nielekeze. Niko kwenye kompyuta.

Salma: Fungua tovuti ya maktaba yenu, tafuta palipoandikwa pasi za makumbusho. Weka namba ya kadi, iliyo nyuma, na ile namba ya siri. Utaona kalenda. Kila makumbusho ina pasi moja au chache tu kwa siku, zikichukuliwa siku hiyo inafungwa.

Mama Asha: Wiki yote imejaa. Aquarium imejaa, Museum of Science imejaa.

Salma: Wiki ya likizo watu huwahi mapema sana, wengine tangu kalenda ya mwezi inapofunguliwa. Lakini usiondoke hapo. Watu hughairi, na mtu akighairi ile siku inarudi kwenye kalenda papo hapo. Mimi huangalia asubuhi na usiku. Jaribu na makumbusho ambayo watoto hawakuyataja.

Mama Asha: Gardner, yale makumbusho ya sanaa, ina Alhamisi moja.

Salma: ISHIKE

Mama Asha: Nimeshika. Sasa nasoma hapa wanasema watoto hadi miaka 17 wanaingia bure pale hata bila pasi. Kwa hiyo pasi ni ya wakubwa tu.

Salma: Ndiyo maana nasema soma kwanza. Basi nenda na Shangazi. Na tazama kama mnatakiwa kuchagua saa ya kuingia. Makumbusho mengine pasi peke yake haitoshi. Umepata siku nzuri, maana Jumanne pale hufungwa.

Baba Juma: Nimechelewa kusoma. Mama Asha, je, pasi hiyo ni ya kuchapa au ya kuchukua?

Mama Asha: Ya kuchukua. Kadi ya plastiki, irudishwe kabla maktaba haijafunguliwa kesho yake.

Baba Juma: Basi nisikilize. Mwaka juzi niliazima kama hiyo. Tukarudi usiku, watoto wamelala, nikaiacha kwenye kile kikasha cha gari. Asubuhi nikaenda kazini nayo. Saa nne maktaba wakapiga simu. Nilipofika pale kaunta nilimkuta bibi mmoja amesimama na wajukuu wawili, wamevaa makoti, mabegi mgongoni, wananingoja mimi. Mdogo wao alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta. Faini ilikuwa ndogo, nikalipa. Yule bibi hakunisema kitu, alipokea pasi akasema asante. Mpaka leo nikiona kadi ya plastiki kwenye gari namkumbuka.

Shangazi Zuhura: Pole baba. Umefanya vyema kusema.

Baba Juma: Na usiidumbukize kwenye sanduku la kurudishia vitabu kabla hujauliza. Maktaba nyingi wanataka uiweke mkononi mwa mkutubi, isije ikapotelea kwenye lundo la vitabu. Mtoto akiumwa mkashindwa kwenda, ghairi hapo hapo, hata kama ni saa sita usiku. Kuna mtu anaiangalia hiyo kalenda kama ulivyoiangalia wewe.

Mama Asha: Nimeelewa shemeji. Nitaifunga kwenye kamba ya pochi.

ALHAMISI

Mama Asha: Tumeingia. Pasi walichukua nusu dakika kuiangalia, wakairudisha, wakatukaribisha. Hakuna aliyeuliza kitu.

Salma: Nilikuambia 😊 Watoto wanasemaje?

Mama Asha: Katikati ya nyumba kuna bustani ya ndani, juu kioo. Huko nje theluji, humu maua. Mdogo amegoma kuondoka dirishani.

Mjomba Idi: Mwulizeni Asha amejua kwamba kila aitwaye Isabella huingia bure hapo maisha yake yote? Kwa heshima ya Isabella Stewart Gardner, mama aliyeifungua nyumba hiyo kuwa makumbusho 1903.

Mama Asha: Amejua, ameandika kwenye daftari.

Shangazi Zuhura: Wanangu, mimi niko ghorofani kwenye chumba cha Kiholanzi. Kuna fremu kubwa ya dhahabu ukutani haina picha. Ndani yake unaona kitambaa cha kijani cha ukuta tu. Nilidhani picha imepelekwa kutengenezwa. Mlinzi akanieleza iliibwa. Tarehe 18 Machi 1990, usiku, wanaume wawili waliovaa sare za polisi waligonga, wakafunguliwa, wakawafunga walinzi, wakaondoka na vitu 13. Hapa palikuwa na picha ya mchoraji Rembrandt, mashua katika dhoruba, picha pekee ya bahari inayojulikana kuwa aliichora. Haijapatikana mpaka leo.

Baba Juma: Na fremu mbona wameziacha?

Shangazi Zuhura: Mwenye nyumba aliacha wasia kwamba mpangilio wake usibadilishwe. Basi nafasi ya kila picha inangoja. Asha amesimama hapa mbele yangu, amenyoosha mikono yote miwili kwa mbali, anapima upana wa mahali palipo patupu. Ameniuliza ikirudi, itatosha palepale?

Salma: Umemjibu nini Shangazi?

Shangazi Zuhura: Nimemwambia itatosha, fremu ni yake.

Mama Asha: Nilikuwa karibu nilie pale.

ALHAMISI USIKU

Mama Asha: Pasi imerudi. Tumepitia maktaba kabla hawajafunga, nimempa mkutubi mkononi. Akasema kesho inachukuliwa saa tatu.

Baba Juma: Mungu akubariki.

Mama Asha: Asha amekaa na kompyuta, anatafuta siku ya MFA, Museum of Fine Arts, mwezi ujao. Mkutubi amemwambia wana mkusanyiko mkubwa wa vitu vya Nubia vilivyochimbwa Sudan miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Anatumia kadi yangu.

Shangazi Zuhura: Yeye hana kadi yake?

Mama Asha: Hana Shangazi. Pasi za huku hupewa mtu mzima, kwa hiyo sikumkatia.

Shangazi Zuhura: Ya vitabu je?

Mama Asha: Hiyo anaweza kupata.

Shangazi Zuhura: Kesho asubuhi nakuja kumchukua. Mwambie aandike jina lake lote vizuri kwenye fomu.