Wayland au Xorg kwa kompyuta za steshenari, Kigoma

Mwanga_Steshenari
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma. Dukani kuna kompyuta sita zenye Debian 12 (toleo la Linux) na GNOME (sehemu ya madirisha na menyu). Nne ni i3 kizazi cha tatu, grafiksi ya Intel, RAM GB 4. Mbili zina kadi ya GeForce GT 610. Wateja wengi ni wanafunzi wanaojaza maombi ya mkopo, na mashine moja ya Intel hukodishwa na projekta ya VGA kwa semina. Nizirudishe zote Xorg, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, badala ya Wayland, ule mpya, zifanane?

grafiksi_tu
Hapana mkuu, kila mashine iamue kwa kadi yake. Fungua tarminali uandike `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Itakujibu wayland au x11 (yaani Xorg).

Zile nne za Intel ziache Wayland. Draiva yake (programu inayoendesha kadi) imo tayari kwenye kerneli, kiini cha Linux, na Mesa, maktaba yake ya grafiksi, na video haichaniki katikati ya skrini kama inavyotokea mara nyingi kwenye Xorg.

Kazi ipo kwenye GT 610. Draiva ya NVIDIA kwa kadi hiyo iliishia toleo la 390, na matengenezo yake yalikoma mwisho wa 2022. GBM, ambayo GNOME huitegemea kuchora skrini ya Wayland, iliingia kwenye draiva zao kuanzia 495. Kwa hiyo ukiing'ang'ania draiva yao, umefungiwa Xorg na draiva isiyorekebishwa tena. Mimi ningeweka nouveau, draiva huria isiyotoka NVIDIA. Kadi itabaki kwenye mwendo mdogo ule iliowakia nao, lakini kwa barua na fomu inatosha kabisa, na Wayland inakubali.

Ukilazimika kurudi Xorg: fungua `/etc/gdm3/daemon.conf`, ondoa alama ya # mbele ya `WaylandEnable=false`, kisha washa upya.

mlinzi_wa_funguo
Naunga mkono, na kwa duka lenye wateja sababu kubwa ni nywila. Kwenye kikao cha Xorg andika `xinput test-xi2 --root` kwenye tarminali, kisha nenda Firefox ubonyeze herufi a. Tarminali, iliyo dirisha tofauti kabisa, itaandika 38, namba ya kitufe hicho. Haikuomba ruhusa yoyote. Ndivyo X11, msingi wa Xorg, ilivyojengwa mwaka 1987: programu zote za kikao kimoja zinaaminiana. Programu mbaya aliyoiacha mteja wa asubuhi inaweza kusoma nywila ya mwanafunzi wa mchana.

Wayland hupeleka kitufe kwenye dirisha linalotumika tu. Tahadhari moja: programu za zamani hupita XWayland, daraja la kuendesha programu za Xorg ndani ya Wayland, na hizo bado zinasikilizana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo kila mteja aingie kwa akaunti ya mgeni inayofutwa akimaliza.

Mwanga_Steshenari
Asanteni sana. Imebaki projekta. Kwa kebo moja ndefu mashine haiioni kabisa, na amri ya `xrandr --addmode`, ya kuongeza vipimo vya skrini, nikiwa Wayland haifanyi kitu.

grafiksi_tu
Xrandr inaongea na XWayland tu, skrini yenyewe iko mikononi mwa GNOME. Kwanza kagua kebo: pini ya 12 na ya 15 ndizo zinazoleta taarifa za projekta kwenye kompyuta. Nyingi za bei rahisi hazina pini hizo, na hapo mashine inaweza isijue kama kuna kitu upande wa pili. Kebo kamili inamaliza tatizo.

Kama huna nyingine siku hiyo, andika `ls /sys/class/drm` upate jina la tundu, mfano card0-VGA-1. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB (inayotokea kabla Linux haijawaka) bonyeza e, shuka hadi mstari unaoanza na `linux`, mwishoni acha nafasi uongeze:

`video=VGA-1:1024x768@60e`

Kisha Ctrl+X. Hiyo e ya mwisho inalazimisha tundu liwake hata bila taarifa. Halafu kwenye mipangilio ya skrini chagua picha ileile ionyeshwe kwenye skrini zote mbili. Usiiweke ya kudumu kwenye `/etc/default/grub`: projekta ikichomolewa, GNOME itaendelea kuamini skrini ya pili ipo, na madirisha yatafungukia huko ambako mteja hayaoni.