Naomba ushauri: mkokoteni wa kushushia viti na maboya kwenye mchanga laini, Kigamboni

Binti Mjimwema
Wakuu, habari za jioni. Nakodisha viti, miavuli na maboya ufukweni huku Kigamboni, wikiendi na sikukuu. Vitu nahifadhi kwa shangazi, juu barabarani. Kila asubuhi lazima vishuke: viti vya plastiki 12, miavuli, maboya, na deli limejaa barafu na soda. Kipande cha changarawe sina tatizo nacho. Kazi inaanza kwenye mchanga mkavu, ule tifutifu ambao hata mguu mtupu unazama. Vijana ninaowalipa kubeba wanachelewa, wateja wa mapema wanakuja hatujapanga kitu. Nafikiria toroli la ujenzi, au kile kigari cha kitambaa cha kukunja, au fundi anichomelee mkokoteni. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Kaka Feri
Cha kukunja achana nacho kwa mzigo huo. Kwenye lami kinateleza vizuri, lakini vile vigurudumu vinne vyembamba vikiingia mchangani vinazama mpaka tumbo la kigari linaburuta.

Mama Salha
Tusikiseme vibaya chote. Mimi ninacho chenye magurudumu mapana, kinatosha mkeka, chakula na taulo za watoto, na kinaingia kwenye bajaji. Ila deli la barafu sithubutu kuweka.

Fundi Chuma
Dada, bodi isikusumbue kichwa, anza na tairi. Mchanga laini unataka gurudumu pana na kubwa, lenye upepo mdogo, ili lipite juu badala ya kuchimba. Chukua tairi mbili za bajaji, saizi 4.00-8, zinapatikana kila duka la spea. Toa upepo mpaka ukibonyeza kwa dole gumba tairi iitike. Usizidishe: ikilegea sana tyubu inazunguka ndani ya rimu na kukata vali, na huko ufukweni hakuna wa kukuzibia.

Magurudumu mawili yanatosha. Ekseli ikae katikati ya kitanda, deli lipangwe juu yake, viti vitangulie mbele kidogo, upande wa mpini, ili mpini usipae juu mikononi mwako. Mpini wenyewe uwe mrefu, mfupi utakugonga visigino. Na uwe wa kuvuta. Toroli lina gurudumu moja na unalisukuma, kwa hiyo mchangani linachimba. Ukilazimika kulitumia, geuka ulivute.

Chini usifunike bati, weka flati baa, vile vyuma bapa, zenye nafasi katikati mchanga udondoke.

Mvuvi wa Nyali
Dadangu, na bahari uiangalie. Maji yakipwa, ule mchanga wa majimaji ni mgumu, mkokoteni unakwenda wenyewe. Kwa hiyo katiza mkavu kwa njia fupi kabisa, kisha fuata ukingo wa maji mpaka kwenye kituo chako. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yakijaa yanapanda juu sana, hiyo njia inapotea. Jua saa za kujaa kabla hujatoka. Na magurudumu usiyaingize majini, chumvi hula beringi upesi.

Fundi Chuma
Hapo kwenye beringi amesema kweli. Jioni mwagia maji ya bomba, hasa kwenye ekseli na sehemu zilizochomelewa, kutu huanzia hapo. Kausha, paka grisi. Mwambie fundi apige rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na asiache matundu ya kuingiza maji ndani ya mabomba ya mkokoteni.

Binti Mjimwema
Ahsanteni sana. Geti la shangazi ni jembamba, bajaji haipiti. Upana nimwambie fundi ngapi?

Fundi Chuma
Pima geti, toa nusu futi. Hicho kipimo kiwe kutoka ukingo wa nje wa tairi hadi tairi, siyo upana wa kitanda. Mafundi wengi wanapima kitanda halafu magurudumu yanagoma mlangoni. Nenda na futi kamba, na deli lenyewe lipime pia.

Binti Mjimwema
Jumatatu naenda kwa fundi, mtaa wa Gerezani, na vipimo vyote. Mama Salha, hicho chako nitakiazima kwa ajili ya taulo.

Mama Salha
Kipo, njoo ukichukue.