Legend (2015): Watu wazima mnamshangilia adui mkidhani ni stelingi

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa filamu kali za wikiendi, maana sijaja kupendekeza filamu, nimekuja kulalamika. Na wale wa "povu hilo", ni kweli linanitoka. Leteni ndoo mkinge.

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu saba sebuleni kwangu hapa Leyton, mashariki mwa London. Chai ya tangawizi ipo, maandazi yapo, nje baridi haina utani. Mmoja akasema tuweke Legend, ile ya mapacha Kray, majambazi wa London wa miaka ya 1960, ambayo Tom Hardy kacheza Ronnie na Reggie wote wawili. Nilishaiona zamani, nikasema haya wekeni. Sikujua kwamba safari hii watazamaji wataniudhi kuliko filamu yenyewe.

Kuna ile sehemu ya ugomvi wa baa. Ronnie anasusa, anatoka nje akinung'unika kwamba yeye alikuja kurushiana risasi, halafu anarudi na nyundo mbili, moja kila mkono. Mwenye rimoti akarudisha nyuma. Tukaangalia tena. Akarudisha mara ya tatu. "Mwamba huyu! Oneni mwamba huyu!" Baba wa watoto wawili, andazi mdomoni, anahesabu kwa vidole wangapi wamelala chini.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na watu wa aina mbili tu kwenye filamu, stelingi na adui. Ukiingia umechelewa, hata kabla hujapata pa kukaa kwenye benchi unauliza: stelingi nani? Ukishaonyeshwa, roho inatulia, unajua wa kumshangilia na unajua hafi. Sasa mwongozaji Brian Helgeland amechukua maadui wawili, kawavalisha suti za kukata na shoka, kawapa mwigizaji mwenye mvuto, na watu wazima wamekaa wanapiga makofi. Sina ugomvi na filamu za majambazi. Ingekuwa ya kutunga ningecheka na mimi. Lakini hii inauzwa kama kisa cha kweli, na watu wanaokufa humo walikufa kweli, tena karibu na ninakopita kila siku.

Mimi nikienda kazini nadandia basi la 25 pale Stratford. Linashika Mile End, linaingia Whitechapel Road, na kabla ya kufika kwenye meza za wauza mboga na vitambaa linapita mbele ya baa inaitwa Blind Beggar. Humo ndimo Ronnie Kray alimoingia tarehe 9 Machi 1966, akamkuta George Cornell amekaa kwenye stuli na bia yake, akampiga risasi ya kichwa. Cornell hakufia palepale, alifia hospitalini usiku uleule. Leo watalii wanapiga selfi mlangoni. Nimeshawaona mpaka nimewazoea.

Hapo kwenye risasi wote mnapajua. Kilichofuata ndicho hamna habari nacho, na ndicho kinachonichoma. Kulikuwa na mhudumu wa baa, mwanamke, aliona kila kitu. Polisi walipompanga Ronnie mstarini na watu wengine ili amtambue, alisema hamjui. Angesema nini, na nyumbani ana watoto? Mtaa mzima ulikuwa umemeza ulimi. Lakini mwaka 1969, mapacha wakiwa kizimbani Old Bailey, mahakama kubwa ya jinai ya London, mwanamke yuleyule alisimama akamtaja Ronnie, naye Ronnie yupo palepale anamtazama. Na mjane wa Cornell? Yule alikwenda mwenyewe Vallance Road, Bethnal Green, mpaka kwenye nyumba ya familia ya Kray, akavunja vioo vya madirisha. Fikirieni. Wanaume wenye misuli wanaangalia chini wakipishana na hao mapacha barabarani, mama mfiwa anarusha mawe kwao.

Hao ndio stelingi, wakuu! Mtu angeniandikia filamu ya saa mbili kuhusu yule mhudumu wa baa, miaka mitatu anaishi na alichokiona, kila mtu akigonga mlango moyo unaruka, ningelipa kiingilio mara mbili. Kwenye Legend ni mpita njia tu.

Sasa tuje kwa Frances. Hapa naomba mnivumilie.

Filamu inasimuliwa na Frances Shea, mke wa Reggie, kachezwa na Emily Browning. Tunamwona mara ya kwanza anafungua mlango na peremende ya limau mdomoni, msichana mdogo, macho makubwa, na sauti yake ndiyo inayotukaribisha kwenye hadithi. Inatutania, inatuelezea mapacha kwa maneno matamu. Halafu Reggie anambadilikia, anampiga, binti anajiua. Na sauti inaendelea! Amekufa lakini bado anahadithia, kwa upole uleule, kama mtu aliyekwenda dukani mara moja akarudi.

Tujaribu kuelewana. Kwetu marehemu anasemewa kwa tahadhari, kwa sababu hawezi kuinuka akakanusha. Hawa wamemchukua marehemu wakamfanya mshereheshaji wa sherehe ya mtu aliyemtesa. Kila mnapojisikia kumpenda Reggie humo ndani, ni yeye kawaruhusu. Mtu akikwambia jamaa huyu alikuwa mbaya, unajibu mbona mkewe mwenyewe anamwelezea vizuri? Ni ujanja huo. Ujanja mzuri kwa ufundi, na ndiyo maana unaniudhi zaidi.

Frances wa kweli alizaliwa 1943, Reggie alizaliwa 1933. Alipoanza kuzungukwa naye alikuwa binti wa miaka kumi na kitu. Harusi ilikuwa Aprili 1965, picha kapiga David Bailey, mpiga picha mkubwa kabisa wa London ya wakati ule, huyohuyo aliyewapiga mapacha ile picha ya suti ambayo watu wanaibandika ukutani hadi leo. Wiki chache tu, bibi harusi akarudi kwa wazazi wake. Juni 1967 akafariki, ana miaka 23. Reggie akashika mazishi yeye. Akazikwa na gauni lake la harusi, makaburi ya Chingford Mount, na jiwe likaandikwa Kray, jina ambalo wazazi wake hawakutaka hata kulisikia. Baadaye mapacha nao wakaja kuzikwa hukohuko, wamemzunguka.

Kwenye filamu mama yake Frances anakuja harusini kavaa nguo nyeusi. Sebule yangu ilicheka mpaka chai ikamwagika kwenye zulia. Dada mmoja tu hakucheka. Filamu ilipoisha akawa anakusanya vikombe, akasema, "Huyo mama mliyemcheka ndiye peke yake mwenye akili humo ndani." Akaenda zake jikoni. Hakuna aliyemjibu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimecheka.

Halafu wale wa "lakini walikuwa wanaumizana wenyewe kwa wenyewe, mtaa ulikuwa salama, milango ilikuwa haifungwi". Huu wimbo unaimbwa hapa London na wazee wa Bethnal Green, na sasa umehamia mpaka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Jambazi wenu anaingia kwa mlango wa mbele na anawekewa chai, huo mlango ufungwe kwa ajili ya nani? Hela ya ulinzi mnaijua ni nini? Una baa yako, una klabu yako, anakuja mtu anakwambia utanilipa ili pasitokee kitu, na kitu chenyewe ni yeye. Mwenye baa hakuwa jambazi, alikuwa mfanyabiashara. Nyie mliokuwa mnajifungia ndani saa moja jioni kwa sababu Panya Road, wale vibaka wa Dar, wametajwa mtaa wa pili, wangekuja wamevaa tai mngewaita miamba?

Na Jack McVitie. Aliitwa Jack the Hat kwa sababu kofia haikumtoka kichwani, alikuwa anaficha upara. Alikuwa mhalifu, hakuna anayemtetea. Oktoba 1967 alipelekwa kwenye flati ya chini ya ardhi Evering Road, Stoke Newington, kaambiwa kuna pati. Bastola ya Reggie ikagoma, akashika kisu. Mwili wake haujaonekana mpaka leo. Mimi natoka kwa watu ambao hawalali mpaka wajue maiti iko wapi, hata kama marehemu alikuwa mwizi wa kuku. Sebuleni kwangu, Reggie anachoma kisu, mtu nyuma yangu anasema Hardy hapa alistahili Oscar.

Niwe mkweli, Hardy kacheza. Pacha mmoja anaingia mwingine anatoka na huchanganyi hata sekunde moja, mabega tu yanakwambia huyu ni nani. Na ile sehemu ya Lord Boothby imekaa vizuri. Mwaka 1964 gazeti la Sunday Mirror liligusa uhusiano wa huyo bwana mkubwa wa chama cha Conservative na mhuni wa mashariki mwa London, yaani Ronnie, likaishia kuomba radhi na kumlipa pauni 40,000. Chama pinzani cha Labour nao walikuwa na mtu wao kwenye duara hilohilo, kwa hiyo pande zote mbili zikaona bora kunyamaza, na magazeti yakaogopa kuwagusa mapacha. Hapo filamu inasema ukweli. Lakini nani alibaki anaongelea hiyo? Wote walikuwa wanaigiza sauti ya Ronnie ya puani.

Na Ronnie mwenyewe alikuwa mgonjwa wa akili, madaktari walishathibitisha tangu miaka ya 1950, na alifariki mwaka 1995 akiwa bado mfungwa wa Broadmoor, hospitali ya ulinzi mkali ya wagonjwa wa akili. Filamu imemgeuza kichekesho. Kila akifungua mdomo mnaanguka.

Nisisahau bango, maana hili ndilo lilionyesha mapema tunauziwa nini. Filamu ilipotoka Septemba 2015 walijaza bango nyota za wahakiki, nne nne, tano tano. Gazeti la Guardian walikuwa wameipa nyota mbili. Wakafanyaje? Nyota hizo mbili wakaziweka katikati ya vichwa viwili vya Hardy, ili ukiangalia haraka udhani nyingine zimejificha nyuma ya vichwa. Mhakiki mwenyewe ndiye aliyeshtuka akaisema hadharani. Watu wakacheka, wakasifu ubunifu. Hata kwenye tangazo, mtapeli anapigiwa makofi!

Kuhusu yule mpelelezi, Nipper Read, ambaye mlikuwa mnamwita zoba kila akitokea. Huyo mtu alihamisha kikosi chake kutoka Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, akakipeleka jengo lingine ng'ambo ya Thames, Tintagel House, kwa sababu hakuwaamini wenzake, habari zilikuwa zinavuja. Akajua mashahidi hawatasema kitu mapacha wakiwa mtaani, kwa hiyo akakamata kwanza, Mei 1968, alfajiri, ndipo watu wakaanza kufungua midomo. Jaji akapendekeza wasitoke kabla ya miaka 30. Zoba huyo.

NYONGEZA, saa nne usiku: Naona wachangiaji wa mwanzo mmeshaanza "mkuu hiyo ni burudani tu, relax". Burudani sawa. Basi msiniandikie "based on true story" kwenye status zenu mkiweka picha ya mapacha na maneno ya udugu kwanza. Chagueni moja.

Mwingine kanifuata PM ananiambia ile filamu ya Kray ya 1990, ya wale ndugu Kemp wa bendi ya Spandau Ballet, ni bora kwa sababu inamwonyesha mama yao mapacha. Ni kweli Billie Whitelaw alicheza vizuri mle. Lakini ndiyo yaleyale, mama wa wauaji ana filamu nzima na wajane wa waliouawa hawana hata dakika kumi.

Na kuna kikundi hapa wanapanga kwenda matembezi ya kuonyeshwa mitaa ya Kray, unalipia tiketi, unazungushwa Whitechapel na Bethnal Green, mnaishia baa. Wameniuliza kama nitakwenda, eti kwa kuwa ni mwenyeji. Pale nitapita Jumatatu asubuhi nikiwa juu ya basi la 25, bure.

Halafu wewe mzee wa kurudisha nyuma, najua unausoma huu uzi. Umeondoka na rimoti yangu kwenye mfuko wa koti. Nilete.