Kompakta (mashine ya kushindilia taka) kwa supamaketi: inunuliwe ipi ili gharama ya kuzoa ishuke?

Stoo_Kuu (Dar es Salaam):

Wakuu, heshima kwenu. Kabla hatujasaini chochote naomba mnisaidie kupima jambo hili.

Ni supamaketi yenye bucha, sehemu ya mboga na jiko la vyakula vya kubeba. Taka zote zinaingia kwenye skipu (kontena la taka linalobebwa na lori) moja ya mita za ujazo 7. Inazolewa kila siku isipokuwa Jumapili, yaani tripu 26 kwa mwezi, kila tripu Sh 130,000. Jumla Sh 3,380,000. Kwa kukadiria kwa macho, maboksi ni asilimia 60 ya ujazo na nailoni za kufungia mizigo asilimia 10. Zilizobaki ni mabaki ya mboga, nyama na jikoni, pamoja na taka za kufagia.

Muuzaji anatushawishi tuchukue kompakta moja yenye kontena lake la mita za ujazo 15, kila kitu kitupwe humo. Anaahidi tripu zitabaki 5 kwa mwezi. Je, hesabu hiyo inasimama? Na kama siyo mashine hiyo, ni ipi, na ifungwe vipi isije ikageuka chuma chakavu uani?

---

HesabuZaTaka:

Mkuu, anza na mkataba, mashine baadaye. Kushindilia hakupunguzi uzito hata kilo moja, kunapunguza ujazo tu. Ukilipia kwa tripu kama sasa, unalipia hewa iliyomo ndani ya maboksi, na hapo mashine itakuokoa. Siku mkandarasi akigeuza na kutoza kwa kilo, faida ya kushindilia imeyeyuka. Pata kwa maandishi bei ya tripu, ujazo wa chombo, uzito wa juu unaoruhusiwa kwa tripu moja, na muda ambao bei haitaguswa. Kama kata yenu ina mkandarasi mmoja aliyepangwa na manispaa, hutaweza kumhama kirahisi, kwa hiyo haya yaandikwe mapema. Uliza pia kama ana gari la kuvuta kontena la 15. Kwa kawaida huvutwa na gari lenye mkono wa ndoano. Lori la skipu la minyororo halikuundwa kwa mzigo wa namna hiyo.

Sasa hesabu. Tripu 26 za mita 7 ni mita za ujazo 182, maboksi ni kama 109. Boksi zilizotupwa bila kukunjwa huwa na uzito wa kilo 30 hadi 50 kwa mita ya ujazo. Tukichukua 40, mnatoa tani 4.4 za boksi kwa mwezi. Ukifunga marobota (mafungu ya boksi yaliyoshindiliwa na kufungwa mkanda) ya kilo 80, ni marobota 55, karibu mawili kwa siku. Kazi hiyo ni ya mashine ya wima ya kufunga marobota, siyo ya kompakta, na mashine ya wima ni ya bei nafuu kuliko kompakta ya kontena.

Toa maboksi na nailoni, kinabaki mita za ujazo kama 55. Kwa skipu yenu ni tripu 8. Lakini hapa ndipo ahadi ya muuzaji inapoanguka. Mabaki ya mboga na jikoni tayari yana kilo 400 hadi 600 kwa mita ya ujazo kwa sababu yamejaa maji. Ukiyakandamiza hayapungui sana, yanakamuka, na maji yake yanatiririka uani. Halafu tripu 5 kwa mwezi maana yake taka zilale siku 6. Kwa joto la Dar, mabaki ya bucha hayalali siku 6. Kinachoamua idadi ya tripu zenu ni harufu na nzi, siyo ujazo. Panga kila baada ya siku mbili au tatu, tripu 10 hadi 12, kwenye skipu yenye mfuniko. Kwa tripu 12 utalipa Sh 1,560,000. Umeokoa Sh 1,820,000 kabla hujauza hata boksi moja.

Angalizo: skipu isiyo na boksi ni nzito. Ndiyo maana nimesisitiza kikomo cha uzito kiandikwe.

Na kabla ya kununua chochote, wapeni vijana visu vya kukatia boksi wiki mbili, kila boksi lilazwe bapa na kupangwa pembeni ya skipu. Ujazo wa maboksi unaweza kushuka hadi nusu au theluthi kwa njia hiyo pekee. Hesabuni tripu na pimeni uzito wa boksi la siku kwenye mizani. Namba hizo ndizo za kununulia mashine, makadirio ya macho huwa yanadanganya.

---

Fundi_Haidroliki:

Nakubaliana na mdau hapo juu. Naongeza upande wa chuma.

Kwa marobota ya kilo 60 hadi 100 mnahitaji nguvu ya tani 10 hadi 15. Wauzaji hupenda kuandika tani 30 kwenye karatasi. Usibishane naye, muulize kipenyo cha silinda na shinikizo la pampu (hupimwa kwa bar). Silinda ya milimita 100 ina eneo la sentimita za mraba 78.5. Kwa bar 150 inatoa kama tani 12. Ili itoe tani 30 ingehitaji zaidi ya bar 370, na pampu ya gia ya kawaida haifiki huko. Hesabu hiyo inachukua dakika moja na inakwambia unaongea na nani.

Umeme: mota ya kilowati 3 hadi 4, fezi tatu, volti 400, breka yake peke yake na kinga ya mota iliyosetiwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Bili isiwatishe. Mizunguko 60 kwa siku, kila mmoja sekunde 40, ni dakika 40 za mota, chini ya uniti 3.

Kinachoua pampu nyingi ni fezi kupishana, yaani waya za fezi kuunganishwa kwa mpangilio usio sahihi. Mota inageuka kinyume, pampu haivuti mafuta, inasaga chuma kwa chuma. Siku ya kufunga, gusa swichi sekunde moja tu na utazame feni ya mota inafuata mshale au la. Hilo peke yake halitoshi, kwa sababu waya zinaweza kubadilishwa tena pale jenereta inapounganishwa au laini inapotengenezwa. Weka rilei (swichi inayozima mota yenyewe) ya kulinda mpangilio wa fezi na fezi kukatika. Ni kitu kidogo sana ukilinganisha na pampu mpya. Jaribu pia upande wa jenereta, watu wengi husahau.

Mafuta: haidroliki ISO VG 46 (namba ya uzito wa mafuta) kwa joto letu, siyo 32 ambayo ni mepesi zaidi. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kwenye tangi lililokaa wazi mvuani. Yakitoa povu na pampu ikalia, hewa inaingia upande wa kuvutia au kiwango kimeshuka. Badilisha chujio mapema baada ya matumizi ya mwanzo, kwa sababu tangi jipya huwa na vumbi la kuchomelea, kisha mafuta na chujio kila mwaka. Sahani ya kushindilia ikishuka yenyewe wakati mota imezimwa, tazama sili za silinda na vali.

Mahali: sakafu ya zege iliyosawazishwa, paa juu, mita 2 wazi mbele kwa ajili ya kutoa robota na kulipokea kwenye paleti. Pima urefu kwa umakini. Silinda ikiwa juu, mashine hizi hupita mita 2 na nusu kirahisi, na mlango wa stoo mara nyingi hauna hiyo.

Upakiaji mbaya nao unaharibu. Boksi zikijazwa upande mmoja, sahani inapinda na kukwaruza reli zake. Laza boksi kubwa bapa chini kabisa, jaza kwa kupishanisha kama matofali, malizia na boksi kubwa juu. Shindilia kila inapojaa, usingoje, na acha sahani ikae chini sekunde kadhaa. Angalia meno ya pembeni yanayozuia boksi lisipande tena: yakiisha, utashindilia siku nzima na robota litabaki jepesi. Chupa za glasi, mbao, makopo ya dawa ya kupuliza, mitungi midogo ya gesi na betri visiingie kamwe. Betri ya simu ikipondwa ndani ya karatasi kavu ni moto.

Swichi ya mlango isifungwe kwa waya "ili kazi iende". Mtu akitaka kuingiza mkono kutoa kilichokwama, swichi kuu izimwe, ipigwe kufuli, na ufunguo awe nao yeye mwenyewe.

---

Marobota_Msa (Mombasa):

Habari zenu. Kutoka upande wa mnunuzi: Canter ikipakiwa boksi legelege hubeba kama kilo 600 na imejaa. Ikipakiwa marobota ya kilo 80 inabeba 40, yaani tani 3.2. Ndiyo sababu bei ya boksi lililofungwa ni bora: mnunuzi hasafirishi hewa. Kwa tani 4.4 kwa mwezi, gari moja kila baada ya wiki tatu linatosha, kwa hiyo tengeni nafasi ya marobota 40, juu ya paleti na chini ya paa.

Unyevu ndio ugomvi mkubwa. Viwanda huweka kikomo karibu asilimia 10 hadi 12, na ukizidi unakatwa kilo. Boksi la samaki na kuku lenye damu, boksi lenye nta, na pakiti za maziwa zilizopakwa plastiki msichanganye. Robota moja chafu linaweza kushusha daraja la gari zima. Nailoni angavu zifungwe peke yake, za rangi peke yake. Zinaruka kama springi, kwa hiyo zikalishwe chini ya sahani muda mrefu kuliko boksi. Tumieni mkanda wa poliesta, mistari minne kwa robota. Kila robota liandikwe kilo na tarehe kwa kalamu nene, mizani ya mnunuzi ikitofautiana mna cha kuonyesha.

Mabaki ya mboga tafutieni mtu wa mboji. Yenye nyama mbichi msiwape wafugaji wa nguruwe, yanaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika. Huku Kenya sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza pale zinapozalishwa, kwa hiyo mapipa mawili tumeshazoea. Hata pasipo sheria, bila mapipa mawili mashine yenu italishwa uchafu.

---

Stoo_Kuu:

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Upande wa stoo tuna fezi moja tu. Na vijana wa stoo hubadilika kila mara.

---

Fundi_Haidroliki:

Mashine za fezi moja zipo, kilowati 1.5 hadi 2.2, ila marobota yake ni ya kilo 30 hadi 50. Kwa tani 4.4, ukichukua wastani wa kilo 40, utafunga kama 110 kwa mwezi, karibu manne kwa siku, na kila moja dakika 10 hadi 15 za kufunga mkanda na kutoa. Ni hadi saa nzima ya kazi kila siku. Kabla ya kukubali hilo, fungua bodi kuu: jengo lenye friji za bucha aghalabu lina fezi tatu tayari, kilichobaki ni kuvuta kebo hadi stoo.

Kuhusu vijana: chagua mashine yenye swichi ya ufunguo. Wawili kwa kila zamu ndio wawe na ruhusa, majina yao yabandikwe kwenye mashine, na ufunguo ukabidhiwe kwa kusaini kama wa sefu. Mwenye umri chini ya miaka 18 asiiguse.

Na malipo ya mwisho yazuieni mpaka muuzaji afunge marobota matatu mbele yenu, kwa boksi zenu, na yapimwe kwenye mizani yenu. Aliyeahidi kilo 80 akitoa 45, kipindi hicho bado fedha iko mkononi mwenu.