Mjadala: Je, usajili wa besiboli uwe na siku ya kufungwa?

Mtoa mada (Toronto)

Wadau, salamu. Naleta hoja inayonikera kila baridi ikiingia. Ligi kuu ya besiboli huku Marekani na Kanada iweke siku ya mwisho ya kusajili wachezaji huru, kama lilivyo dirisha la mpira wa miguu tulilokua nalo.

Kwa asiyefuatilia: msimu ukiisha, aliyemaliza mkataba anakuwa huru kuzungumza na klabu yoyote tangu mapema Novemba. Baada ya hapo hakuna kengele. Atasaini Desemba, atasaini Machi, au wenzake wakiwa wameshaanza mechi. Shabiki analishwa tetesi miezi minne.

Sitasahau Ijumaa ya 8 Desemba 2023. Shohei Ohtani, nyota wa Kijapani, yuko sokoni na klabu yetu ya Blue Jays inatajwa. Mwandishi mmoja akaandika kwamba Ohtani yuko njiani kuja Toronto. Mwingine akaandika kwamba ameshatuchagua. Tukasikia Yusei Kikuchi, Mjapani mwenzake aliyekuwa mrushaji wetu, amekodi mgahawa wa sushi karibu na uwanja. Mimi na mwanangu tulikaa mezani tukifuatilia alama ya njano ya ndege tuliyodhani imembeba, ikitambaa kwenye ramani ya simu kutoka California, naye kila dakika anagusa kioo ili ijifungue upya. Ndege ikatua, akashuka mfanyabiashara Robert Herjavec na watoto wake. Na habari ya sushi nayo haikuwa kweli. Kesho yake Ohtani akatangaza mwenyewe kwamba anakwenda Dodgers, miaka 10, dola milioni 700, na milioni 680 kati ya hizo atalipwa baada ya mkataba kwisha.

Ohtani simlaumu, alikuwa na haki ya kuchagua. Ila tetesi ile ilipata nguvu kwa sababu hakuna aliyejua jambo lingekwisha lini. Kila saa ilionekana ndiyo saa yenyewe.

Na msiniambie haiwezekani, maana kanuni ipo tayari. Mchezaji anayeruhusiwa na klabu yake ya Japani kabla mkataba haujaisha anapewa siku 45 za kupatana na klabu ya huku. Yoshinobu Yamamoto alikuwa chini ya kanuni hiyo baridi ileile, na kabla siku hazijaisha akapata miaka 12 na dola milioni 325. Je, muda ulimpunguzia bei?

Mchangiaji (Minneapolis)

Kaka wa Toronto, pole na ile ndege, hata mimi niliifuatilia. Lakini hoja yako naipinga yote.

Kwanza jiulize nani anaitaka hiyo siku ya mwisho. Kamishna Rob Manfred ameshasema wazi kwamba angependa usajili ufanyike Desemba na uwe na mwisho. Chama cha wachezaji hakitaki kusikia. Unafikiri ni kwa nini? Mchezaji anakuwa mali ya klabu mpaka atimize miaka sita kamili ya utumishi katika ligi kuu. Ile ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000. Nyingi kwangu na kwako, lakini kidogo kwa mtu anayejaza uwanja. Akishakuwa huru, silaha yake ni moja tu: kungoja. Mpe tarehe ya mwisho, na klabu zitakunja mikono mpaka usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha zimtupie nusu ya bei.

Pili, mchezaji Carlos Correa. Desemba 2022 alipatana na klabu ya Giants, miaka 13, dola milioni 350. Siku ya kutambulishwa ikafika, waandishi wameitwa, Giants wakaahirisha kwa sababu ya vipimo vya afya: mguu wa kulia aliowahi kuumia mwaka 2014. Usiku uleule akapatana na Mets, miaka 12, milioni 315. Mets nao wakaingiwa na wasiwasi kuhusu mguu ule. Januari akarudi kwetu Twins kwa miaka sita na milioni 200. Sasa weka kufuli lako tarehe 20 Desemba. Huyu kijana angebaki na nini? Angesaini chochote alichosogezewa.

Mchangiaji (Philadelphia)

Wanangu, wote mnazunguka jambo. Tazameni mpira wa kikapu, NBA. Hakuna siku ya mwisho pale, lakini wakubwa wengi wanasaini ndani ya wiki moja. Sababu ni kwamba kuna ukomo wa mishahara. Nafasi ya klabu ikijaa imejaa, kwa hiyo kila mtu anakimbia kabla fedha haijakwisha. Besiboli haina ukomo, ina kodi tu kwa klabu inayopita kiwango. Tajiri ana fedha Novemba na anazo Machi. Kwa nini aharakishe?

Mtoa mada (Toronto)

Shikamoo mzee wangu, hapo umenifungua macho. Lakini huo ukomo siutaki. Utarudisha fedha mifukoni mwa wamiliki, na mimi sijawahi kununua tiketi kumtazama mmiliki.

Dada wa Minneapolis, umesema klabu zitakunja mikono. Tumeshaona kilichotokea. Mkataba wa ligi na wachezaji ulikuwa unaisha usiku wa 1 Desemba 2021, na kila mtu alijua wamiliki watafunga milango na usajili utasimama. Siku zile za mwisho zilikuwa sokoni Kariakoo mkesha wa Idi. Corey Seager alipata milioni 325 kwa Rangers. Max Scherzer alipata milioni 130 za miaka mitatu tu kwa Mets. Marcus Semien wetu, aliyetoka kupiga mipira 45 nje ya uwanja msimu mmoja, naye akaenda Rangers kwa milioni 175. Niliumia, sifichi. Lakini nilijua siku ileile, nikalia kilio changu kikaisha.

Halafu watazame waliongoja. Jordan Montgomery alichukua ubingwa na Rangers mwaka 2023, akakaa bila timu mpaka mwisho wa Machi, akaambulia mwaka mmoja na milioni 25 kwa Diamondbacks, walewale ambao Rangers waliwafunga kwenye fainali. Hakufanya mazoezi ya kambi na timu, na msimu ukamharibikia. Blake Snell, mrushaji bora wa ligi yake mwaka 2023, alisaini Machi akapata ushindi wake wa kwanza tarehe 2 Agosti. Hiyo silaha ya kungoja inawakata wenyewe.

Kuhusu vipimo vya afya nakubali, umenishika. Aliyekwama kwenye vipimo apewe wiki mbili zaidi.

Mchangiaji (Minneapolis)

Kaka, umetaja waliosaini 1 Desemba 2021, ukamwacha aliyekosa. Correa huyuhuyu alikuwa huru baridi ile, na bei aliyoitaka haikupatikana kabla milango haijafungwa. Ligi ikasimama siku 99. Ilipofunguliwa Machi akaja kwetu kwa mkataba mfupi wenye ruhusa ya kujitoa, milioni 35 kwa mwaka. Ndivyo klabu ya mji kama wetu ilivyompata mchezaji wa kiwango kile, kwa sababu soko lilikuwa bado wazi matajiri walipokuwa wamemaliza kununua. Funga dirisha Desemba na sisi tutabaki kuokota makombo.

Ushindi wa Snell wa Agosti nao umeutaja nusu. Ulikuwa ni mchezo mzima dhidi ya Reds bila kuruhusu hata pigo moja, na Novemba akapata milioni 182 Dodgers. Amepoteza nini?

Mtoa mada (Toronto)

Hilo la klabu ndogo sikuwa nimelifikiria, nalibeba. Nabaki na swali moja: nipeni mchezaji mkubwa aliyengoja mpaka kambi imeanza, akapata mkataba mrefu na kamili, si wa kuruka mwaka huu na mwaka ujao.

Mchangiaji (Philadelphia)

Bryce Harper. Tarehe 28 Februari 2019, miaka 13, dola milioni 330, na wakati ule hakuna mchezaji huru aliyewahi kupata zaidi. Kambi ilikuwa imeshaanza, na huku mjini tulikuwa tumechoka kuulizana. Hakuomba kifungu cha kujitoa. Mpaka leo yuko kwetu.